Pazia la Nne

Kabla hajawasha taa nilijua swichi iko wapi. Iko kushoto, chini kidogo kuliko zilivyo swichi za watu, ili mwenye nyumba aliyebeba sinia kwa mikono miwili aweze kuibonyeza kwa kiwiko. Mpima akapeleka mkono palepale, akabonyeza, na chumba kizima kikanijia usoni. Nikamshika shangazi mkono, nikambana mpaka akaguna.

"Kuna nini?" alininong'oneza.

"Hamna kitu."

"Hamna kitu ndiyo unanitoa damu?"

Kuta zilikuwa za kijani kibichi na dari ilikuwa ya waridi. Viti vilikuwa saba na hakuna viwili vilivyofanana. Kioo kikubwa kilitundikwa chini, usawa wa mtu aliyeketi, ili mgeni ajione anavyocheka. Kabati lilijaa sahani, kila moja na rangi yake, kwa sababu katika chumba kama kile mgeni hapangiwi sahani. Anachagua mwenyewe, na kwa sahani aliyochagua mwenye nyumba anajua leo amekuja na moyo gani. Hilo hakuniambia mtu, nililijua tu. Na ukutani, mkabala na mlango wa baraza, yalining'inia mapazia manne ya mahameli, manjano ya bizari, yenye pindo pana za zambarau. Nilikuwa sijawahi kukanyaga nyumba ile. Naapa kwa sindano inayonilisha.

"Karibuni," alisema Mpima. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu aliye hospitalini. "Chumba hiki sijamfungulia mgeni tangu aondoke. Miaka mitatu sasa."

Aliyeondoka ni mkewe. Nilijua amefiwa, nilijua hivyo tangu siku ya kwanza alipokuja dukani kwetu kushonewa mfuko wa turubai wa kubebea ile miguu mitatu ya chombo chake cha kupimia ardhi, kazi iliyompa jina la Mpima. Alinitazama masikioni mpaka nikaona haya. "Hereni zako hazifanani," alisema. Nikamjibu kwamba na masikio yangu nayo hayafanani, hajaangalia vizuri. Alicheka, halafu ghafla machozi yakamlengalenga, akalipa, akaondoka bila kuchukua chenji. Kesho yake akarudi kuifuata. Miezi minane imepita toka hapo, na mwanamume huyo nampenda mpaka nimechoka kujificha.

Ila alikuwa na sharti moja ambalo hakulificha. Nyumbani kwake anaishi na mama wa marehemu. Alimwahidi mkewe kwenye kitanda cha mauti kwamba mama hatahama wala hatalizwa. Bila baraka za mama huyo, hakuna ndoa. Ndiyo maana Jumapili ile nilikuwa nimesimama pale, nimevaa gauni la machungwa lenye mkono mmoja wa bluu, na shangazi yangu aliyenilea na kunifundisha kazi amesimama ubavuni kunisindikiza.

Mama aliingia bila kuharakisha. Alivaa nyeupe tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinipima toka hereni hadi viatu. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," alijibu Mpima.

"Mbona kavaa kama bendera?"

"Bendera huwa inapandishwa juu, dada yangu," alidakia shangazi, "haikanyagwi."

Mama akamgeukia, na kwa sekunde moja nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, kile kilichotazama mapazia, akaweka mikono mapajani.

"Nitasema mapema ili chakula kishuke vizuri," alianza. "Chumba hiki ni kichwa cha mwanangu. Alikiwaza yeye, akakipanga yeye, na hakuna mtu mwingine duniani angekiwaza. Nasikia wewe ni fundi wa mapazia. Mafundi mna mikono inayowasha. Ukitaka uingie humu kwa baraka zangu, hutabadilisha hata pete moja ya pazia."

"Mama, tule kwanza," alisema Mpima.

"Tutakula. Nimeshasema."

Nilitaka kujibu kitu cha adabu, lakini jicho langu lilikuwa limeshaangukia picha iliyokuwa juu ya kabati. Mwanamke amevaa gauni la manjano, hereni moja nyekundu ya mviringo, nyingine ya kijani ndefu. Anacheka kwa woga, kama aliyevaa nguo ya kuazima. Uso ule niliujua. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kukaribishwa.

Miaka sita nyuma shangazi alilazwa wiki mbili, akaniachia duka. Mchana mmoja aliingia mwanamke aliyevaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe. Kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi mweusi, vingine vyote kwa mweupe. Fundi huona vitu hivyo kabla ya uso. Alizunguka katikati ya vitambaa bila kugusa hata kimoja.

"Mimi sina jicho," aliniambia mwishoni. "Nikiingia duka la nguo naona vitu vingi halafu natoka na kijivu. Mume wangu anapita karibu yangu kama anavyopita karibu ya friji. Nataka chumba kimoja tu kimsimamishe." Akaketi mbele ya mashine yangu. "Ingekuwa nyumba yako wewe, ungefanyaje?"

Wakati ule nilikuwa nalala chumba kimoja na marobota ya pamba. Nyumba sikuwa nayo, lakini kichwani nilikuwa nimeshahamia zamani. Nikageuza karatasi ya vipimo nikaanza kuchora. Kijani huku, waridi juu, kioo chini, swichi usawa wa kiwiko, sahani zisizofanana. Nikamchorea hata namna ya kupokea wageni. Nikamchorea gauni. Nikavua hereni zangu mbili, nyekundu na ya kijani, nikamvika, nami baadaye nikajinunulia nyingine kama hizo. Alipojitazama kwenye kioo cha dukani aliweka mkono mdomoni.

"Hii iwe siri yetu," alisema. "Akiuliza, nitasema ni mimi. Utaniruhusu?"

"Ni wewe," nilimwambia, na siku ile niliona ni jambo dogo.

Mapazia nilikata mwenyewe, mara yangu ya kwanza kukata mahameli bila shangazi kunisimamia. Mahameli ina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja, na vipande vya chumba kimoja lazima vyote vilale kuelekea chini. Kitambaa kilikuwa hakitoshi. Kipande cha nne nikakigeuza ili kitoshe, nikajisahaulisha kwamba nimekigeuza. Ukiwa dukani huoni kitu. Lakini mwanga ukikipiga, kipande kama hicho kinageuka cheusi kuliko wenzake. Niliposhtuka, mteja alikuwa ameshachukua mzigo wake. Nikangoja arudi kugomba. Wiki, mwezi, mwaka. Hakurudi, na mimi sikujua jina lake wala mtaa wake.

Kumbe alikuwa hapa.

"Chagua sahani, Fundi," Mpima aliniita. Ndivyo anavyoniita, hata tukiwa wawili.

Nilinyoosha mkono bila kufikiri, nikachukua ya bluu iliyomeguka ukingo. Mama akaacha kupakua wali.

"Hiyo ndiyo aliyokuwa anachukua yeye," alisema.

Shangazi alijaza kimya kwa kumsifia kuku, akaomba na paja la pili. Mpima hakuwa anakula. Alikuwa ananitazama na kuitazama picha, zamu kwa zamu.

"Nataka ujue kwa nini nilichelewa kukuleta," alisema polepole. "Tulioana, tukaishi miaka mitano kama wapangaji wawili. Narudi, nakula, nalala. Hata sikumbuki alikuwa anavaa nini, na hilo linanitesa. Halafu siku moja narudi kutoka kupima mashamba, natoka huko na vumbi langu, nakuta amefungua mlango huu. Amesimama hapo, na njano yake, na hereni mbili tofauti. Nikajiuliza huyu mwanamke alikuwa wapi siku zote. Miaka mitatu ya mwisho ndiyo ndoa yetu. Mingine ilikuwa hesabu tu."

"Na mimi?" Swali lilinitoka kabla sijalizuia.

"Wewe nilipokuona dukani moyo ulinilipuka. Nilidhani kuna kitu cha kwake kimerudi."

Alilisema kama zawadi. Mimi liliniingia kama mwiba. Kwa miezi minane nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke aliyekufa, na sasa nilikuwa nagundua kwamba niliyekuwa namwonea wivu ni mimi mwenyewe, nimevaa sura ya mwingine. Ningeweza kusema sentensi moja. *Chumba hiki ni changu.* Nilikuwa na ushahidi, maana kila pazia nililoshona maishani nimelitia msalaba mdogo wa uzi mwekundu ndani ya pindo, kona ya kushoto. Ningelifunua pindo na kila kitu kingekuwa changu, chumba, sifa, na miaka mitatu ya mapenzi yao.

Saa tisa na nusu mama aliinuka, akafungua mlango wa baraza. Jua la alasiri likaingia moja kwa moja, likavuka zulia, likapanda mapazia. Akarudi kwenye kiti chake.

"Sasa mnyamaze kidogo," alisema.

Mapazia matatu yaling'aa manjano. La nne, lile la mwisho kulia, likaanza kukolea. Likawa kahawia, likazidi, mpaka likaonekana kama mtu amesimama nyuma yake na kivuli chake kimepenya.

"Amekuja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, laini, ya mama anayemsikia mtoto getini. "Kila siku ya jua anakuja. Anakaa mpaka saa kumi na moja. Mwanzoni nilidhani macho yangu, nikamwita mkwe wangu huyu aangalie. Naye ameona. Mapazia manne, kitambaa kimoja, fundi mmoja. Kwa nini liwe hilo tu?"

Pembeni yangu nilimsikia shangazi akivuta pumzi. Mwanamke yule amekata mahameli miaka thelathini, na jicho lake halina breki.

"Jamani, lakini pazia hilo si limekatwa juu chi..."

Nilimkanyaga. Nilimkanyaga kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote.

"Juu ya nini?" mama aliuliza, bila kuondoa macho kwenye pazia.

"Limekatwa vizuri ajabu, dada yangu," alisema shangazi, na machozi ya maumivu yakimtoka. "Aliyelikata ana... ana mkono."

Nikakusanya sahani, nikakimbilia jikoni.

Mpima alinifuata. Alifunga mlango nyuma yake, akauegemea.

"Mmeona nini?"

"Hatujaona kitu."

"Umemkanyaga shangazi yako mpaka kalia. Mimi kazi yangu ni kutazama vitu vilivyo mbali na kusema viko wapi. Usinifanye kipofu, Fundi. Kuna nini kwenye pazia?"

"Kuna mama yako anakaa na mtoto wake. Mwache akae."

"Nimekuleta hapa ili kusiwe na mlango uliofungwa kati yetu. Sasa wewe ndiye unafunga?"

Nilifungua maji, nikaosha sahani ya bluu ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nikikuuliza kitu utanijibu ukweli?"

"Niulize."

"Siku ile dukani. Ningekuwa nimevaa nguo ya kawaida, hereni zinafanana, nimekaa kimya na mashine yangu. Ungerudi kufuata chenji?"

Ninampenda kwa sababu hajui kudanganya, na wakati ule nilimchukia kwa hilohilo.

"Sijui," alisema.

"Basi baraka za mama si tatizo letu."

"Sasa unataka nini? Nikayashushe? Nitayashusha. Naenda sasa hivi nayashusha yote manne, mama atalia, atazoea. Chumba kitakuwa chako, upake unavyotaka."

Alikuwa ameshashika kitasa. Nilimvuta shati.

"Usiguse pazia lile!"

"Kwa nini? Niambie kwa nini!"

"Kwa sababu nimechoka na watu kupendwa kwa ajili ya kitambaa!" Nilikuwa nalia sasa, na sikujali. "Usinioe kwa hereni. Nitavaa kijivu. Nitavaa kijivu kila siku, na kola nyeupe, na kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi, na nitapita mbele yako humu ndani tuone kama utaniona!"

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. Maji yalikuwa bado yanatiririka nyuma yangu, na hakuna aliyeyafunga.

"Umesemaje?"

Nilijua nimeharibu. Nilijifuta uso kwa ule mkono wa bluu.

"Kifungo cha pili," alisema taratibu, kama anayesoma maandishi yaliyofutika. "Alikuwa... Alikuwa anakishona mlangoni, amesimama, anachelewa kazini. Uzi mweupe ulikuwa umeisha. Aliniuliza kama kinaonekana, nikasema hapana. Sikuwa hata nimetazama." Akakaa juu ya kigoda cha jikoni. "Miaka yote hii natafuta alikuwa anavaa nini. Kijivu. Mungu wangu, alikuwa anavaa kijivu."

Nikafunga bomba.

"Ulimjua."

"Mchana mmoja tu."

Alinitazama masikioni, kisha mikononi, na nilimwona akipima, toka kituo hadi kituo, mpaka mistari ikakutana. Hakuuliza tena. Aliinuka, akarudi chumbani, nami nikamfuata kwa hofu.

Mama alikuwa palepale. Shangazi alikuwa ameketi karibu naye, kavua kiatu, anajikanda mguu. Mpima alipita mbele yao hadi kwenye pazia la nne. Akapiga goti. Akaligeuza pindo kona ya kushoto.

Msalaba wangu ulikuwa pale, mwekundu bado. Alikuwa anaujua. Upo kwenye mfuko wake wa turubai, na niliwahi kumwambia kwamba ndio saini yangu. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Neno lake moja lingetosha kumuua binti wa mama yule mara ya pili.

"Unatafuta nini huko chini?" mama aliuliza.

Alilishusha pindo. Akalilainisha kwa kiganja, kwa upole niliotamani siku moja aupate mwanamke wa kijivu.

"Vumbi, mama," alisema. "Hamna. Ni safi."

"Bado yupo?"

"Bado yupo." Akakaa sakafuni, pembeni ya kiti chake, akaliangalia pazia kwa muda mrefu. Machozi yalimshuka bila kuyafuta, na nilijua kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa hamlilii mwanamke wa manjano. Nikageuza uso, maana kilio hicho hakikuwa changu.

"Mama," nilisema, "sharti lako nimelikubali. Humu ndani sitagusa kitu."

Alinitazama. Mkono wake ukavuta kiti kilichokuwa kando yake, kidogo tu, sentimita chache kuelekea kwangu.

"Hata hereni unavaa kama yeye," alisema. "Kaa."

Nilikaa mbele ya kosa langu mpaka jua likaondoka mlangoni. Ndani ya moyo nilimwamkia mteja wangu, nikamwomba radhi kwa kipande cha nne. Na nitasema ukweli, ingawa naijua mahameli na tabia zake: mapazia matatu yalipozimika, lile la nne lilichelewa.

Mpima alitusindikiza hadi getini. Shangazi alitangulia, anachechemea na kulalamika peke yake.

"Sina haki ya kukuomba kitu leo," aliniambia.

"Huna."

"Jumamosi nitakuja dukani." Hakunishika mkono. "Vaa kijivu."

Nilivua hereni, ile nyekundu na ile ya kijani, nikazitia mkobani. Tulipofika njia kuu shangazi alisimama, akaegemea ukuta, akatazama masikio yangu yaliyo matupu.

"Nimesikia alichosema," alisema. "Sasa mwanangu, dukani kwetu hatuna hata kipande cha kijivu."

"Najua, shangazi," nikamwambia, nikampa bega ashikilie. "Kesho twende tukanunue."